Jiwe la Kilo Tano

Sanduku lake la kazi, mawe yote yakiwa ndani, lilikuwa na uzito wa kilo kumi na tano, na kwa miaka ishirini na mitatu alilibeba kwa bega la kushoto. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakuwa na haja tena ya kumpima. Kila shati alilomshonea alilishusha bega la kushoto upana wa kidole kimoja, likamkaa sawa. Alipenda kuwaambia wateja wake kwamba mumewe ndiye mizani pekee mjini ambayo haijawahi kukaguliwa, maana imelalia upande mmoja na bado inatembea.

Zamani utani huo ulimchekesha. Siku hizi aliusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Alikuwa mkaguzi wa idara ya vipimo, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa. Sokoni jina lake lilikwisha sahaulika zamani, wakamwita Bwana Gramu. Kazi yake ilielezeka kwa maneno machache. Alikwenda soko kwa soko na duka kwa duka, akasimamisha mizani ya vitanga viwili, kitanga kimoja akaweka jiwe la serikali, kingine akaweka jiwe la mfanyabiashara, akasubiri kuona lipi litashuka. Mkono wa mizani ukilala sawa, aligonga mhuri wa mwaka kwenye kile kitobo kidogo kilichojazwa madini ya risasi chini ya jiwe la mfanyabiashara. Ukienda upande, alitoa patasi na nyundo, akalichonga jiwe lile alama ya msalaba, akaondoka nalo. Wenyewe idarani waliita kuua jiwe.

Asubuhi hiyo mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Alimwacha. Akaenda akapiga mshono wa pindo zima la gauni, akarudi, akamkuta palepale, soksi ileile mkononi. Hakumwuliza kitu. Alikwisha kumwuliza mwaka juzi, na mwaka jana, akajibiwa kwamba ni uchovu tu, kwamba atalala mapema. Akalala mapema mwaka mzima.

Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Daktari alimpima presha, sukari na macho, akamwambia ana mwili wa kijana. Naye akatoka pale amejaa aibu, kama aliyekamatwa anajisingizia ugonjwa. Haukuwa na tarehe uchovu huo. Hakuweza kusema ulianza siku fulani, kwa sababu fulani. Ulimwingia kama unyevu unavyopanda ukutani. Unashtuka rangi imebanduka, na hujui ni mvua ya mwaka gani.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Aliyemfundisha kazi, mkaguzi mzee ambaye sasa ni marehemu, alimwambia jambo moja ambalo alilibeba miaka mingi pamoja na sanduku: kwamba mnunuzi mwenye haki kubwa kuliko wote ni anayenunua robo kilo, kwa kuwa hana cha ziada cha kupoteza. Kijana yule wa wakati huo aliondoka na neno hilo kifua mbele. Aliamini kwamba kila mhuri anaogonga unamlinda mtu fulani, mama fulani mwenye mfuko mdogo, ambaye hatamjua wala kumshukuru, na kwamba hilo linatosha.

Kisha ikapita miaka. Mawe aliyoyaua asubuhi yalizaliwa upya jioni. Aliyegongewa mhuri leo alikutwa kesho amebandika nta chini ya kitanga. Wakubwa walitaka ripoti, na ripoti zilitaka idadi, na idadi hazikuwa na mama mwenye mfuko mdogo ndani yake. Akaanza kujiona anateka maji kwa pakacha. Siku moja, mbele ya duka la mchele, alijiuliza: kama nisingekuja leo, nani angejua? Jibu likaja upesi mno: hakuna. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Tangu hapo akaanza kuacha mambo, moja baada ya jingine, kama mtu anayezima taa za vyumba asivyovitumia. Aliacha kubishana. Aliacha kueleza. Na aliacha kuyapeleka mawe yake makao makuu, ambako kila mwaka yalipaswa kupimwa na mawe makubwa zaidi yao kwa cheo, yale yanayokaa ndani ya kabati la kioo. Safari ilikuwa ndefu, foleni ndefu, na kila mwaka yalionekana sawa. Akawa anaandika tu kitabuni: "Yamehakikiwa." Mwaka wa kwanza mkono ulisita kidogo. Wa pili haukusita. Wa tatu aliandika huku akiongea na mtu mwingine.

Jambo moja tu hakuliacha. Kila Ijumaa alasiri aliketi barazani, akatandika gazeti, akayatoa mawe sandukuni, akayang'arisha kwa kitambaa cha flana na dawa ya kopo ya kung'arishia shaba. Alianza mazoea hayo wiki ya kwanza ya ajira. Chuoni waliwaambia mawe ya shaba yafutwe vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi, yasiguswe na kingine. Lakini sokoni aligundua kwamba jiwe lililofifia linabishiwa, ilhali linalong'aa linaheshimiwa. La kilo tano, lililofanya kazi kuliko yote, alilisugua kuliko yote, mpaka ukaweza kujinyolea ndevu kwa kulitazama. Katika kazi nzima, hicho ndicho kilichobaki anachokipenda. Mkewe aliposikia harufu ya ile dawa alijua kwamba kwa saa moja mumewe yupo.

Barua ya kuomba kustaafu mapema ilikuwa tayari. Aliikunja, akaichomeka kwenye mfuniko wa sanduku, ndani, nyuma ya kile kitambaa chekundu. Ilikuwa na sahihi. Ilibaki tarehe tu, na ofisini kila mtu alijua ipo.

*

Mkuu mpya wa kituo alikuwa mwanamke aliyempita kwa cheo na kupitwa kwa miaka kumi na mitano. Alimwita mzee wangu, kwa heshima ya kweli, na kila alipomwita hivyo mkaguzi alihisi kama anasogezewa kiti. Wiki hiyo alitoa agizo: masanduku yote ya zamani yahakikiwe kabla vifaa vipya vya chuma havijagawiwa, na gari la ofisi litayapeleka. Hapakuwa na udhuru wala foleni ya kusingizia.

Maabara ya makao makuu ilikuwa chumba cha baridi, chenye milango miwili ili upepo usiingie. Mpimaji alikuwa binti wa miaka kama ya mwanawe wa kwanza. Alimwamkia shikamoo, akavaa glavu, akayapokea mawe moja moja kama anayepokea mayai. Yale madogo yakapita. La kilo moja lilipungua kidogo, akaandika. Ya kilo mbili yakapungua zaidi, akaandika. La kilo tano aliliweka, akatazama namba, akalitoa. Akaliweka tena. Akalitoa, akasubiri, akaliweka mara ya tatu.

"Kwani halisomeki?" mkaguzi aliuliza.

"Linasomeka, mzee. Utaratibu ni mara tatu."

Alijua. Ndiyo kwanza akakumbuka kwamba alijua.

Binti akavua glavu moja. Akamwuliza huwa analisafisha na nini. Naye, kwa vile lilikuwa swali la kwanza kuhusu kazi yake aliloulizwa kwa miaka mingi na mtu aliyetaka jibu, alijibu kwa fahari: flana, na dawa ya kopo, kila Ijumaa, miaka ishirini na mitatu, hajakosa. Binti alimtazama kwa muda. Haikuwa dharau, bora ingekuwa dharau.

"Basi umelila, mzee wangu. Limepungua gramu kumi na moja."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hakuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa kipande cha flana.

Mkaguzi aliuliza limepungua tangu lini. Binti akasema jiwe halisemi tarehe. Lingekuwa linaletwa kila mwaka kama zamani, lingejaziwa kilichopungua, naye angemwambia. Na alipofungua kitabu cha sanduku kuangalia mwaka jana lilisomaje, mkaguzi aligeuka kutafuta dirisha la kutazama, ingawa chumba kile hakikuwa na dirisha.

*

Gari liliporudi alikaa nyuma, sanduku magotini. Dereva alikuwa mtu wa maneno, akaongea njia nzima kuhusu matairi. Mkaguzi alikuwa anamfikiria mwanamke mmoja.

Sokoni aliitwa Mama Maharage, na meza yake ilikuwa ya kwanza langoni, namba kumi na nne. Alinunua maharage kwa wakulima waliofika na vigunia vyao alfajiri, akayauza kwa wenyeji kutwa nzima, kwa mizani moja na mawe yaleyale. Hilo lilikuwa jambo la kujulikana, maana wengine pale sokoni walikuwa na jiwe zito la kununulia na jiwe jepesi la kuuzia, na wakulima wakiona meza yenye mawe ya aina mbili walinong'ona. Kwake hawakunong'ona.

Miaka miwili iliyopita, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali, mkaguzi alilipima jiwe lake la kilo tano na jiwe la serikali. La mama likashuka. Maana yake lilikuwa zito kupita kiasi, na jiwe zito kwa anayenunua kwa mkulima lina jina moja tu. Wakulima walikuwapo, wanakunja vigunia vyao vitupu kabla ya kurudi makwao. Mama Maharage hakupiga kelele. Alisema tu jiwe hilo lilitoka kiwandani na halijawahi kufunguliwa, akamwomba apime tena kwa jiwe lingine.

Na hiyo ilikuwa haki yake. Kanuni ilisema mwenye jiwe akipinga, mkaguzi arudie kwa mawe ya akiba yaliyoko ofisini. Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano, na kurudi kumi na tano. Alikumbuka waziwazi alivyosimama pale, akazihesabu zile dakika, akaona hawezi. Miguu ilikuwa mizima. Ilikuwa ni kile kingine kilichokataa. Akatoa patasi. Akalichonga msalaba mbele ya watu, akaandika kitabuni: limezidi gramu tano.

Wakulima waliacha kumletea. Hawakumtukana, walipita tu mbele ya meza yake na vigunia mabegani, wakitazama mbele. Baada ya miezi minne alishindwa kuishikilia nafasi ya langoni. Akahamia mstari wa nyuma kabisa, karibu na vyoo, ambako anauza viungo vya pakiti ambavyo havihitaji mizani.

*

Kesho yake alimweleza mkuu wa kituo. Alimweleza habari ya jiwe na ya wale waliouliwa mawe yao kwa jiwe hilo: kumi na tisa, aliwahesabu kitabuni. Hakumweleza habari ya "yamehakikiwa", lakini mkuu hakuwa mjinga. Alivuta kitabu, akafunua kurasa tatu, akakifunga polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Mzee wangu," alisema, "barua yako si iko tayari? Andika tarehe mosi. Mawe haya yanakwenda kuyeyushwa, wewe unakwenda kupumzika na kiinua mgongo chako. Lakini ukilisema hili sokoni, litanifikia mimi kwa maandishi. Likinifikia kwa maandishi, lazima nilipandishe juu. Na wa juu watafungua hizi kurasa."

Mkuu akaendelea kwa upole kwamba watu wanaibiwa magunia kwa magunia, gramu kumi na moja ni nini. Kwamba mtu anayehama nyumba hawashi moto sebuleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajaribu kumwokoa, na angemwokoa bila kumdai hata asante.

Jioni alimsimulia mkewe, naye alikuwa anashona mikono ya shati. Alimsimulia yote, pamoja na zile kurasa, pamoja na kiinua mgongo ambacho walikwisha kukipangia bati na ada. Cherehani ilisimama.

"Mimi niliacha kununua kwake," mkewe alisema. "Wajua? Nilikuwa mteja wake tangu mtoto wa kwanza. Siku ile uliporudi ukasema, nikaacha. Akiniona napita, ananisalimu tu."

Alingoja aambiwe aende, au asiende. Mkewe akakata uzi kwa meno, akarudi kwenye mkono wa shati.

Chini ya ngazi za ofisi palikuwa na chumba kisichofaa kitu, ndimo walimotupa mawe yaliyouawa. Kesho yake alilitafuta la Mama Maharage kwa tochi ya simu, akalipata kwa namba kumi na nne ya rangi nyeupe. Kutu ilikuwa imeingia kwenye msalaba. Akalibeba hadi mezani, akalipima na moja la yale mapya ya chuma. Sasa lilikuwa limepungua gramu nne. Akakaa akalitazama. Hizo gramu nne ni yeye, ni chuma kilichoruka kwa patasi yake. Jiwe hili lilikuwa sahihi siku lilipofika mikononi mwake, na yeye ndiye aliyelifanya liwe bovu.

Akavua saa. Akakifungua kile kitobo cha chini, akakata risasi vipande vidogo kwa kisu, akavigongomeza kimoja kimoja, akapima, akaongeza, akapima, akazidisha, akapunguza. Kazi hiyo alifundishwa chuoni na hakuwahi kuifanya tangu alipohitimu, kwa kuwa kuua ni rahisi na kunaonekana kwenye ripoti. Mkono wa mizani ulipolala sawa alilitoa jiwe, akasubiri, akaliweka tena. Akalitoa. Akaliweka mara ya tatu. Alipoangalia saa, ofisi ilikuwa tupu na kila mtu alikwisha kwenda kwake.

*

Alikwenda nyuma ya soko saa nane mchana, wakati watu ni wachache, jiwe amelifunga kwa gazeti. Alikuwa amejipanga. Atalikabidhi kimya kimya, ataomba radhi, ataondoka. Ingekuwa kati yao wawili.

Mama Maharage alikuwa anapanga pakiti za bizari. Alikuwa amekonda, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi sikioni. Alimtambua kwa sanduku kabla ya uso.

"Karibu, Bwana Gramu. Hapa hakuna mizani. Umekuja kupima harufu?"

Mwenye meza ya jirani akacheka puani. Mkaguzi akaweka jiwe mezani, akafungua gazeti, akaeleza. Alianza vizuri kisha maneno yakamtoka ovyo: jiwe lake mwenyewe lililiwa, hakulipeleka kupimwa, siku ile alipaswa kurudi ofisini kuchukua lingine na hakurudi. Alisema alikuwa amechoka. Alisema, na hakujua kwa nini anamwambia yeye, kwamba amechoka miaka mingi, kwamba alikuwa ameshaona kazi yake haina maana, haimgusi mtu.

Mama Maharage aliacha pakiti.

"Haimgusi mtu," alirudia. Akageuka akatazama vyoo, akatazama meza yake, akamrudia. "Kila mtu anachoka, baba. Mimi nimechoka tangu sijazaa. Wewe ulikuja kuchokea kwangu."

Mkaguzi akalisogeza jiwe upande wa mama. Mama hakuligusa.

"Hili ulilichukulia wapi?"

"Langoni."

"Basi lirudishe langoni. Asubuhi, wakulima wakiwapo. Ulisema kwa mdomo wako ukiwa umesimama, nami nilisikia nikiwa nimekaa. Safari hii mimi nitasimama." Akaanza tena kupanga pakiti. "Na kama huwezi, lichukue. Mimi na viungo vyangu tumeshazoeana."

Alilifunga tena kwa gazeti. Njiani kurudi alilibeba mkononi, na kilo tano zile zilimchosha kuliko sanduku zima.

*

Alikwenda siku ya tatu. Siku mbili za katikati alizitumia kukaa na soksi mkononi. Alfajiri ya siku ya tatu alivaa soksi zote mbili gizani, kabla hajapata nafasi ya kufikiri, akatoka.

Langoni palikuwa na wakulima kama ishirini. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye baada ya siku ile ya miaka miwili iliyopita ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipita meza ya mama na gunia lake. Mama Maharage alikuwa amesimama, kwa asubuhi ya tatu sasa, kando ya meza namba kumi na nne, ambayo sasa ilikuwa ya muuza ndoo, mikono ameikunja. Mkaguzi alimwomba muuza ndoo nafasi, akasimamisha mizani. Watu wakasogea, maana mizani ya Bwana Gramu ikisimama kuna mtu analia.

Sauti yake haikuwa kubwa. Alisema kwamba mwaka juzi, hapa, aliliua jiwe la mama huyu, akasema limezidi. Alisema jiwe lililokuwa bovu ni la kwake. Alilitoa lile la shaba, likang'aa kama kawaida, akaliweka kitanga kimoja. Akaweka jipya la chuma kitanga cha pili. La chuma likashuka, la shaba likapanda juu mbele ya macho ya wote.

Kisha sauti ya nyuma ikasema:

"Kumbe hata jiwe la serikali hukonda."

"Kwa mshahara ule," mwingine akadakia, "nani asingekonda?"

Wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Akaliondoa la shaba. Akaliweka la mama, lenye msalaba. Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda. Mizani kubwa huchukua muda kutulia, na yeye kwa mazoea ya miaka mitatu alinyoosha kidole kuisaidia.

"Iache," Mama Maharage alisema. "Itulie yenyewe."

Akarudisha kidole. Wakasubiri wote, hata muuza ndoo. Mshale ulikwenda huku, ukaenda kule, kila mara safari fupi zaidi, mpaka ukasimama katikati na ukakaa. Akaligeuza jiwe, akagonga mhuri wa mwaka kwenye risasi mpya, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walikuwa wamesharudi kwenye vigunia vyao kutafuta wanunuzi, maana asubuhi haisubiri. Mzee mwenye kofia ya sufu alibaki, anakuna shingo. Kuomba radhi hakukuwa katika tabia yake, na alikuwa na umri wa kutobadilika.

"Mekundu unachukua?" hatimaye aliuliza.

"Nachukua," Mama Maharage alijibu. "Panga foleni."

Mzee akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akashusha gunia, akasimama palepale, akapanga foleni peke yake.

*

Mkuu wa kituo alikwisha kupata habari kabla mkaguzi hajafika ofisini. Alikuwa anaandika kwenda juu, na hakujifanya haandiki. Alimwambia kwamba barua ya kustaafu haiwezi kupokelewa mpaka suala hili liamuliwe, na kwamba linaweza kuchukua miezi sita, linaweza kuchukua mwaka, na kiinua mgongo hawezi kumwahidi. Alisema hayo bila hasira. Mwishoni tu alimwuliza, na kwa mara ya kwanza hakumwita mzee wangu, sasa atakuwa anafanya nini muda wote huo.

"Yako mawe kumi na manane chini ya ngazi," alijibu.

Hakujisikia vizuri, kama wanavyosema watu wakitua mzigo. Miguu ilikuwa mizito vilevile. Nyumbani alimweleza mkewe kuhusu bati na ada, naye mkewe alikaa muda mrefu akinyoosha kitambaa kilichokwisha nyooka. Ijumaa ilipofika aliketi barazani kwa mazoea, akatandika gazeti, akafungua sanduku jipya. Mawe ya chuma yalikuja na karatasi inayokataza kuyasugua. Akayafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, dakika tano, yakaisha. Akabaki na mikono yake. Ile flana mkewe alikwisha kuichukua, anafutia mafuta ya cherehani.

Jumatatu aliamka, akavaa soksi ya kwanza, akakaa. Akavaa ya pili. Jiwe lililofuata kwenye orodha lilikuwa la muuza chumvi, upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima, na huyo hakuwa mtu wa kupokea radhi kwa utani. Akalitia jiwe hilo, alilokwisha kulirekebisha, kwenye kikapu, akafika mlangoni, akaliinua sanduku. Bega la kushoto likalalamika. Akasita, kisha akalihamishia la kulia, kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa.

"Rudisha," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa. "Shati nimeshakata."

Akalirudisha la kushoto, akatoka.